Kujaribu bila Kuharibu: Muamala, Kanzidata na Haki ya Kukosea



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kila anayeandika programu za kanzidata hukutana nalo mapema. Umeandika msimbo wa kubadilisha data: kuongeza riba kwenye akiba, kuwaondoa wanachama waliojitoa, kuhamisha kumbukumbu za wagonjwa kutoka zahanati moja kwenda nyingine. Huwezi kujua kama msimbo huo uko sawa mpaka uuendeshe. Lakini ukishauendesha, data imekwisha kubadilika, na kama msimbo una kasoro, umekwisha kuharibu kile kile ulichokusudia kukitunza. Programu ya kuchora picha ikikosea, unaifunga na kuifungua upya. Programu ya kupunguza madeni ikikosea, kesho asubuhi kuna mtu atafika dirishani kwa keshia akiwa na kitabu chake mkononi, na hesabu yake haitalingana na ya kwenye kompyuta.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba dawa ya tatizo hili ni uangalifu. Soma amri mara mbili kabla ya kubonyeza. Sikatai, someni hata mara tatu. Lakini mimi sioni kwamba uangalifu unatosha. Mtu mwangalifu huchoka. Huitwa na simu akiwa katikati ya kazi. Husimamiwa na meneja anayetaka ripoti kabla ya saa sita mchana. Usalama wa majaribio hutokana na namna kazi ilivyopangwa, ili mtu akikosea, kosa lake lisiwe na mahali pa kuangukia. Hilo ndilo nitakalolitetea leo.

Chombo cha kwanza tulicho nacho ni muamala. Katika kanzidata, muamala ni fungu la amri linalokubaliwa lote au kukataliwa lote. Aliyeliweka wazo hili katika msingi wake wa kisayansi ni Mmarekani Jim Gray, ambaye miaka ya 1970 alifanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California, kwenye mradi wa System R. Mradi huo ulikuwa ukiligeuza kuwa programu halisi wazo la Edgar Codd la mwaka 1970, la kuhifadhi data katika majedwali yenye uhusiano. Mwaka 1981 Gray alichapisha makala kuhusu muamala, nguvu zake na mipaka yake. Miaka miwili baadaye, Theo Härder na Andreas Reuter wa Ujerumani walizikusanya sifa zake nne chini ya herufi ambazo kila mwanafunzi hapa amezikariri kwa ajili ya mtihani: ACID. Mwaka 1998 Gray alipewa Tuzo ya Turing. Januari 2007 alitoka peke yake na mashua kutoka San Francisco, na hakuonekana tena.

Gray na wenzake hawakuwa wakifikiria majaribio. Waliwaza juu ya kompyuta inayozimika katikati ya kazi: fedha zimeshatolewa kwenye akaunti moja, hazijaingia kwenye nyingine, na umeme umekatika. Kanzidata ikiwaka tena, ni lazima iweze kusema kwamba jambo lile halikutokea kabisa. Basi mlango huo huo ambao kanzidata huupitia kujiokoa, sisi tunaruhusiwa kuupitia kwa hiari yetu. Amri ya BEGIN huufungua muamala. COMMIT huuthibitisha, na baada ya hapo maji yakimwagika hayazoleki. ROLLBACK hurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Fundi cherehani anayeijua kazi yake hapigi mshono wa mwisho kabla mteja hajaivaa nguo. Kwanza hupiga bandi, mteja hujitazama kwenye kioo, kisha fundi hufumua na kurekebisha. ROLLBACK ndiyo inayotupa ruhusa ya kufumua.

Naomba tulitazame jambo hili kwa karibu, maana hapa ndipo watu wengi hudhani wameelewa. Tuchukue mfano wa kubuni: SACCOS yenye matawi mawili, Moshi na Arusha. Jedwali la akiba lina namba ya mwanachama, tawi, hali ya uanachama na salio. Bodi imeamua kwamba wanachama wa Moshi, walio hai na wapya, waongezewe riba ya asilimia 4. Kijana wa TEHAMA anaandika:

BEGIN;
UPDATE akiba SET salio = salio * 1.04
WHERE tawi = 'Moshi' AND hali = 'hai' OR hali = 'mpya';

Kanzidata, tuseme ni PostgreSQL, inamjibu kwa mstari mmoja: UPDATE 2115. Maana yake mistari 2,115 imeguswa. Je, ni sawa? Hapo ndipo kazi ya majaribio inapoanza, na hapo hapo wengi huiachia. Kama kijana huyu hana idadi aliyokuwa akiitarajia, jibu lile halimwambii kitu. Nasisitiza pia kwamba idadi hiyo asiitoe kwenye sharti lile lile alilolitumia katika amri. Akihesabu kwanza kwa SELECT yenye WHERE ile ile, atapata 2,115 na atarudi kwenye kiti akiwa ametulia, kwa sababu kosa limejithibitisha lenyewe. Idadi anayoihitaji iko kwa mhasibu, kwenye orodha ya tawi la Moshi, na mhasibu anamwambia: wanachama 640.

Sasa anajua kuna tatizo. Anatazama mistari iliyoguswa na kukuta majina ya watu wa Arusha. Sababu ni ndogo kiasi cha kuudhi: katika SQL, AND hushika kabla ya OR. Amri yake imesomwa hivi: walio hai wa Moshi, pamoja na wapya wote wa popote pale. Mabano mawili kuzunguka sehemu ya hali yanatosha kuiponya. Anaandika ROLLBACK, anarekebisha, anaanza upya na BEGIN, na safari hii jibu ni UPDATE 640.

Bado hajamaliza. Anachukua jumla ya masalio ya hao 640 wa Moshi kabla ya amri na baada ya amri, na kuangalia kama tofauti ni asilimia 4 kamili au imepotea kidogo kwenye kukadiria senti. Anamtazama mwanachama mmoja anayemjua kwa namba, mwenye salio la shilingi 2,100,000, na kuhakikisha ameongezewa shilingi 84,000. Anamtazama mwenye salio la sifuri. Anamtazama mwenye salio kubwa kuliko wote. Akiridhika, anaandika ROLLBACK tena. Naam, hata kama kila kitu kiko sawa, kwa sababu hilo lilikuwa jaribio. Siku ya kazi yenyewe, ataendesha faili lile lile alilolijaribu, herufi kwa herufi, bila kuandika upya kwa mkono. Amri iliyoandikwa upya kwa mkono ni amri mpya, haijajaribiwa.

Ni vizuri kujua kinachotokea ndani wakati huo, kwa sababu mipaka ya muamala inaanzia humo. PostgreSQL haifuti salio la zamani unapotoa UPDATE. Huandika toleo jipya la mstari mzima kando ya lile la zamani, na kila toleo hubeba namba ya muamala uliolileta. Keshia anayesoma salio la mwanachama wakati huo bado anaona toleo la zamani, kwa kuwa muamala wako haujathibitishwa. Ukiandika ROLLBACK, PostgreSQL haihangaiki kurudisha mstari mmoja mmoja. Huweka tu alama kwamba muamala wenye namba ile umebatilika, na matoleo yake yote hupoteza uhai. Ndiyo maana kurudisha mistari milioni moja huko hukamilika mara moja. Matoleo yaliyokufa hubaki kwenye diski mpaka kazi iitwayo VACUUM ipite na kuyafagia. InnoDB ya MySQL hufuata njia nyingine: hubadilisha mstari papo hapo na kuweka kumbukumbu ya namna ya kuurudisha, kwa hiyo ROLLBACK ya mistari mingi inaweza kuchukua muda mrefu kama mabadiliko yenyewe, au zaidi. Anayejaribu amri kubwa kwenye MySQL mchana wa kazi ajue hilo kabla hajaanza.

Nimefika kwenye mipaka, na nitakaa hapa kidogo.

Wa kwanza ni kufuli. Muamala uliobadilisha mstari huushikilia mstari huo mpaka uishe. Wengine wanaweza kuusoma, hawawezi kuubadilisha. Kijana wetu akiandika BEGIN na UPDATE, kisha akaenda kunywa chai, mwanachama wa Moshi anayekuja kuweka fedha atamwona keshia akitazama skrini isiyosogea. Data haijaharibika hata chembe, lakini ofisi imesimama. Tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016, PostgreSQL ina mpangilio wa kukata muamala uliokaa wazi bila kazi, nao unaitwa idle_in_transaction_session_timeout. Uwekeni. Vilevile kuna lock_timeout, inayoizuia amri yako isikae foleni ya kufuli bila mwisho.

Wa pili unawahusu wahasibu. Namba zinazotolewa kwa mfuatano, kama namba za risiti, hazirudi nyuma pamoja na muamala. PostgreSQL ikishatoa namba 5012 ndani ya jaribio lako, imeitoa. Baada ya ROLLBACK risiti halisi itakayofuata itakuwa 5013. Imefanywa hivyo kwa makusudi, ili miamala mingi inayokwenda pamoja isisubiriane kwa ajili ya namba. MySQL nayo huacha mapengo ya namna hiyo. Lakini mkaguzi wa hesabu akifika mwezi Machi na kuuliza risiti 5012 iko wapi, jibu la kwamba ilikuwa jaribio halimtoshi, na ana haki ya kutotosheka.

Halafu kuna amri zisizokubali kurudishwa. Kwenye MySQL, ukibadilisha muundo wa jedwali kwa ALTER TABLE, ukiliondoa kwa DROP TABLE au ukilisafisha kwa TRUNCATE, muamala uliokuwa wazi huthibitishwa hapo hapo bila kuulizwa. ROLLBACK yako baada ya hapo haina cha kurudisha. Oracle nayo huthibitisha inapopokea amri za muundo. PostgreSQL ni pole zaidi katika hili: muundo wa jedwali unaweza kubadilishwa ndani ya muamala na kurudishwa, na kwa maoni yangu hiyo ni moja ya sababu bora za kuichagua. Majedwali ya zamani ya MySQL yaliyotengenezwa kwa MyISAM hayajui muamala kabisa. Utaandika BEGIN, utaandika ROLLBACK, na data itakuwa imebadilika. Mifumo ya aina hiyo bado ipo maofisini, imerithiwa kutoka kwa waliotangulia. Kabla ya kujaribu lolote, ulizeni jedwali limejengwa kwa injini gani.

Kuna mtego mwingine ambao huwanasa hata wazoefu. Amri ya EXPLAIN hukuonyesha mpango ambao kanzidata itaufuata, bila kutenda. Ukiiongezea ANALYZE, kanzidata huiendesha amri kwa kweli ili ipime muda. Kwa hiyo EXPLAIN ANALYZE ikiwekwa mbele ya DELETE, inafuta. Mtu aliyetaka tu kujua kwa nini amri yake ni nzito hujikuta ameitekeleza. Ikiwa lazima upime, itangulize BEGIN na uifuatishe ROLLBACK.

Mpaka ulio mzito kuliko yote ni ukuta wa kanzidata yenyewe. Muamala unatawala kilichomo ndani yake tu. Msimbo wako ukituma ujumbe mfupi kwa mwanachama kwamba ameongezewa shilingi 84,000, kisha ukaandika ROLLBACK, salio litarudi lakini ujumbe hautarudi. Umekwisha kusomwa na mke wake, umekwisha kujibiwa, labda kesho mtu atasafiri kuja mjini kwa ajili ya fedha ambazo hazipo. Ukiagiza malipo kupitia mtandao wa simu, fedha zimeondoka. Ndiyo maana kampuni za malipo huweka uwanja wa majaribio: Safaricom, kwa mfano, huwapa wanaounganisha mifumo yao na M-Pesa mazingira ya kujaribia kupitia jukwaa lake la Daraja, ambako hakuna shilingi halisi inayotembea. Tumieni viwanja hivyo. Na katika msimbo wenu, tenganisheni sehemu inayobadilisha data na sehemu inayozungumza na ulimwengu wa nje, ili ya kwanza iweze kujaribiwa bila kuiamsha ya pili. Nikiulizwa nichague kasoro moja ya kuiondoa katika mifumo yetu, ningechagua hiyo ya kuchanganya hizo mbili katika kifungu kimoja cha msimbo.

Kwa mipaka hiyo yote, muamala hauwezi kuwa kinga yetu ya pekee. Jaribio linatakiwa lifanyike mahali pengine kabisa, kwenye kanzidata isiyo ile ya kazi. Hapo naomba niwakumbushe yaliyotokea usiku wa Januari 31, mwaka 2017, katika kampuni ya GitLab, inayohifadhi misimbo ya programu za watu duniani kote. Walikuwa na kanzidata kuu ya PostgreSQL kwenye seva moja, na nakala yake kwenye seva ya pili. Nakala ilikuwa imeachwa nyuma na haikubali kufuata. Mhandisi mmoja, aliyekuwa kazini mpaka usiku, aliamua kulifuta folda la data kwenye seva ya pili ili aanze kunakili upya. Amri aliiandika kwenye dirisha la seva ya kwanza. Aligundua baada ya sekunde moja au mbili na kuikatisha. Kati ya takribani gigabaiti 300, zilikuwa zimebaki kama 4.5.

Wakakimbilia nakala rudufu. Nakala zilizopaswa kufanywa kila siku kwa pg_dump hazikuwapo, kwa sababu chombo kilichokuwa kikiendeshwa kilikuwa cha toleo la 9.2 wakati kanzidata ilikuwa ya 9.6, na kilikuwa kikishindwa kila siku bila mtu kujua. Barua pepe za kuwaonya zilikuwa zikitumwa, lakini zilikataliwa na mfumo wa barua kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji. Kilichowaokoa ni kitu ambacho hakikukusudiwa kuwa nakala rudufu. Saa sita hivi kabla ya ajali, mhandisi alikuwa amepiga picha ya diski ya kanzidata kwa mkono, ili aipeleke kwenye mazingira yao ya majaribio. Picha hiyo ndiyo waliyoirejesha, kazi iliyochukua takribani saa 18. Kilichoingia katika saa zile sita kilipotea: miradi kama 5,000, maoni kama 5,000, na watumiaji wapya wapatao 700.

GitLab walieleza yote haya hadharani, tena walionyesha kazi ya urejeshaji moja kwa moja kwenye YouTube, na taarifa yao haikumtaja mhandisi kwa jina. Ninawaheshimu sana kwa hilo. Waliuliza kwa nini nakala rudufu zilikuwa zikishindwa kimyakimya, na kwa nini hakuna aliyekuwa akijaribu kuzirejesha mara kwa mara. Hayo ni maswali kuhusu mpangilio wa kazi. Nami huvutwa kila mara na ukweli mmoja katika kisa hiki: mazingira ya majaribio, ambayo wakuu wengi wa ofisi huyaona kuwa anasa, ndiyo yaliyoiponya kanzidata ya kazi.

Nimewasikia wenzetu wakisema hatuna fedha za seva ya pili. Hoja hiyo siikubali. PostgreSQL haiuzwi, ni bure. Kompyuta ya mezani iliyostaafishwa inatosha kubeba kanzidata ya majaribio ya SACCOS, ya shule au ya duka la dawa. Tengenezeni kanzidata moja ya kiolezo, yenye muundo sawasawa na ule wa kazini na data ya kubuni, kisha kila mnapotaka kujaribu itoeni nakala kwa amri moja: CREATE DATABASE jaribio TEMPLATE kiolezo. Mradi hakuna mwingine aliyeunganishwa na kiolezo wakati huo, nakala mpya inapatikana. Haribuni mnavyotaka, futeni, anzeni tena.

Nimesema data ya kubuni, na nimekusudia kusema hivyo. Desturi ya kuchukua kanzidata nzima ya kazi na kuiweka kwenye kompyuta mpakato ya mtu ili ajaribu nyumbani ni hatari kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Fikirieni mifumo ya afya. DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika katika sekta ya afya nchini Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, huhifadhi data zake kwenye PostgreSQL, na nakala ya PostgreSQL ni faili tu, linaingia kwenye flashi. Kama ndani yake mna majina ya wagonjwa na majibu ya vipimo vyao, faili hilo likipotea kwenye daladala, hakuna ROLLBACK itakayowarudishia wagonjwa wale siri zao. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mgonjwa hakumpa daktari habari zake ili fundi wa kompyuta ajifunzie nazo.

Data ya kubuni iliyotungwa vizuri ina faida nyingine: inaweza kubeba matatizo ambayo data ya kazi haijakutana nayo bado. Itungeni kwa kuwatazama watu wetu. Wekeni mwanachama aitwaye Ng'wandu na mwingine aitwaye Ng'ang'a. Alama ile ya juu ndiyo hiyo hiyo inayofunga maneno katika SQL, na msimbo unaounganisha majina na amri kienyeji utavunjika hapo hapo. Heri uvunjike kwenye jaribio, maana ufa huo huo ndio mlango wa wadukuzi. Wekeni mtu mwenye majina matatu na mtu mwenye jina moja tu. Wekeni namba za simu zinazoanza na 0 na zinazoanza na 255. Wekeni malipo yaliyofanyika usiku wa kuamkia Januari 1: saa zetu ziko saa tatu mbele ya UTC, kwa hiyo malipo ya saa nane usiku ya mwaka mpya, kwenye seva inayohesabu kwa UTC, bado ni ya Desemba 31, na riba ya mwaka itakwenda kwa mwaka usio wake.

Vipo vyombo vya kuyafanya majaribio haya yajiendeshe yenyewe, nami nitavitaja kwa haraka kwa kuwa maelezo yake yanapatikana kwa urahisi. pgTAP hufanya kazi hiyo ndani ya PostgreSQL, na tSQLt ndani ya SQL Server. Wanaotumia Django tayari wamepewa zawadi: mfumo wake wa majaribio huunda kanzidata ya pembeni ambayo jina lake huanza na test_, na darasa lake la TestCase huendesha kila jaribio ndani ya muamala ambao mwishoni hurudishwa. Angalieni tu kwamba, kwa kuwa muamala huo hauthibitishwi kamwe, kazi mlizozipanga zifanyike baada ya kuthibitisha hazitafanyika zenyewe ndani ya jaribio hilo. Zinahitaji kujaribiwa kivyake.

Kuna wakati hata hivyo ambapo lazima uiguse kanzidata ya kazi, kwa sababu tatizo liko huko huko. Basi uiguse kwa akaunti isiyoweza kudhuru. Mpeni kila mtumishi wa TEHAMA akaunti ya kusoma tu, iliyopewa ruhusa ya SELECT na si zaidi, na hiyo ndiyo iwe akaunti yake ya kila siku. Akaunti yenye uwezo wa kubadilisha ifunguliwe kwa kazi maalumu, kwa muda maalumu, na mtu wa pili awe pembeni akisoma kinachoandikwa. PostgreSQL ina mpangilio wa kufanya kila muamala uwe wa kusoma tu, lakini mtumiaji mwenyewe anaweza kuuzima, kwa hiyo unazuia bahati mbaya, hauzuii haraka. Ruhusa ndiyo kinga. Kwenye MySQL, washeni pia chaguo la --safe-updates, ambalo hukataa UPDATE au DELETE isiyotaja ni mistari ipi kwa ufunguo au kikomo. Rangi ya dirisha la seva ya kazi nayo ifanyeni iwe tofauti, nyekundu kama mnaweza. Ni jambo dogo na linachukua dakika chache.

Ninawaomba wakuu wa ofisi mliopo hapa mambo mawili. Mkirudi kazini, msiulize kama nakala rudufu zipo. Agizeni ya jana irejeshwe kwenye kompyuta nyingine mbele ya macho yenu, na mhasibu aketi hapo alinganishe masalio. Na kijana wenu wa TEHAMA akija kuomba mashine ya zamani iliyoko stoo aifanye ya majaribio, mpeni siku hiyo hiyo, msimwambie aandike barua.